Njia ya Maji Kwanza: Mahali pa Bafu Katika Nyumba Nyembamba za Mji Mkongwe



Nashukuru kuona mafundi na wenye nyumba wamekaa safu moja. Mara nyingi watu hawa wawili hukutana wakati maji yameshaanza kudondoka kwenye dari, na hapo mazungumzo huwa ya lawama. Leo tuzungumze kabla ya kudondoka.

Kusudi langu ni kutetea jambo moja tu. Katika nyumba nyembamba, mahali pa bafu hapatafutwi kwa kuangalia kona gani iko wazi. Hupatikana kwa kuuliza maji yaliyokwisha kutumika yatatokea wapi. Njia hiyo ikijulikana, ndipo chumba kipangwe juu yake. Nitalieleza hilo kwa hoja tano, kisha tupange nyumba moja pamoja kwa vipimo.

Kwanza tukumbushane tunazungumzia nyumba ya namna gani. Chumba cha kale cha mji huu, kama cha Lamu na cha Mji wa Kale wa Mombasa, ni kirefu na chembamba. Aliyeamua upana wake ni mkoko. Sakafu hubebwa na boriti zinazolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na boriti nzuri ya mkoko haiwezi kuvuka nafasi kubwa. Ndiyo maana vyumba vingi vina upana wa mita 2.5 hadi 3 hivi. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha nusu mita. Pande mbili ndefu mara nyingi ni kuta za shirika, nyuma yake yupo jirani. Kwa hiyo nyumba hupumua kwa mbele, kwa nyuma, na kwa uani ikiwa upo.

Nyumba hizi zilijengwa kwa maisha ya maji ya ndoo. Leo nyumba iliyokuwa ya familia moja ina familia tatu au nne, na kila mmoja, kwa haki yake, anataka bafu lenye bomba la mvua, choo cha kukaa na beseni. Bafu moja limekuwa manne, na maji yanayopita ndani ya nyumba kila siku yameongezeka kupita kiasi ambacho waashi wa zamani walikikusudia.

Wao walijua walichokuwa wakifanya. Ukienda Gedi, ule mji wa mawe uliohamwa karibu na Malindi, ambao mwaka 2024 uliingizwa katika Urithi wa Dunia, utakuta vyoo vilivyojengwa ndani kabisa ya nyumba, vikiwa na mashimo yake. Katika nyumba kubwa za Lamu choo kiliwekwa pembeni mwa vyumba vya ndani, na pembezoni mwake palikuwa na birika la maji ya kuogea lenye visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Hapa Unguja, Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliuletea mji maji ya chemchemi kwa mabomba, na akajenga hamamu ya watu wote katika mtaa ambao hadi leo tunauita Hamamni. Kila zama ilikuwa na jibu lake kuhusu maji yaingie wapi na yatoke wapi. Zama zetu zimefungua mifereji mingi, zikasahau nusu ya pili ya swali.

HOJA YA KWANZA: Maji taka ndiyo yanayochagua mahali.

Maji safi hayana shida. Yanasukumwa na tangi au pampu, yanapanda, yanapinda, yanapita katika bomba la nusu inchi. Maji taka hayasukumwi na kitu ila uzito wake. Bomba la choo ni la inchi 4, na linahitaji kushuka kiasi cha sentimita 2.5 kwa kila mita moja. Ukililaza bila mteremko, uchafu unabaki njiani.

Sasa pigeni hesabu. Choo kikiwa mita 6 kutoka kwenye bomba la kuteremkia, mwisho wa bomba lazima uwe chini kwa sentimita 15 kuliko mwanzo wake. Ongeza unene wa bomba lenyewe, sentimita 11. Sentimita 26 hizo utazipata wapi ndani ya sakafu ya boriti? Hazipo. Fundi atafanya moja kati ya matatu: atainua sakafu ya bafu kwa vidaraja viwili, atalining'iniza bomba katika dari ya jirani wa chini, au atakata boriti. Nawasihi wenye nyumba: fundi akiomba msumeno kwa ajili ya bomba la choo, msimamisheni hapo hapo.

Kuna jambo ambalo michoro mingi hailionyeshi. Boriti zetu zimelazwa kukatisha upana wa nyumba. Bomba linalokwenda kwa upana linaweza kulala katikati ya boriti mbili bila kuigusa hata moja. Bomba linalokwenda kwa urefu wa nyumba linakutana na kila boriti. Zikiwa zimepangwa kila sentimita 30, katika mita 6 zipo 20. Kwa hiyo choo kikae karibu na ukuta wa mwisho wa nyumba, au ukuta wa uani, ili bomba litoke nje moja kwa moja. Maji hufuata mkondo. Kazi yetu ni kuufupisha.

HOJA YA PILI: Ukuta unaobeba ncha za boriti usiwe ukuta wa kuogea.

Hili nawaomba wanafunzi waliandike. Uzito wote wa sakafu huishia kwenye ncha za boriti, pale zinapoingia ukutani. Ncha hizo zimefungiwa ndani ya mawe na chokaa, hazionekani. Ukuta ukilowa, ncha ndiyo inayooza kwanza, na katikati ya boriti huendelea kuonekana nzima. Anayekagua dari kwa macho ataisifu. Lakini sogeza ngazi mpaka pembeni kabisa, bandua chokaa kidogo pale boriti inapozama, kisha choma kwa bisibisi. Mti mzima hukataa, bisibisi inagota. Mti uliooza huipokea mpaka kwenye mpini, na unga wa rangi ya kahawia humwagika mkononi. Sakafu ya namna hiyo imebaki kushikiliwa na mazoea.

Boriti zinaingia katika kuta mbili ndefu. Ukuta wa mwisho, ule mfupi, haupokei ncha. Basi bomba la mvua liwekwe kwenye ukuta mfupi, na liepushwe na kuta ndefu kadiri nafasi inavyoruhusu. Watu wengi hufanya kinyume, kwa sababu ukuta mrefu ndio wenye nafasi.

Wengine husema tatizo hilo limekwisha, siku hizi tunapiga saruji na kubandika vigae. Ndugu zangu, chokaa hupumua; maji yakiingia hupata njia ya kutoka. Saruji juu ya ukuta wa chokaa huyafungia maji ndani, nayo hupanda na kutokea juu ya mstari wa vigae, yakibeba chumvi inayomenya lipu. Na vigae peke yake havizuii maji, kwa sababu maji hupita kwenye maungio. Kinachozuia ni utando usiopitisha maji uliowekwa chini ya vigae, ukapandishwa ukutani angalau sentimita 15 kuzunguka chumba chote, na kufikia kimo cha mtu pale anapoogea.

Uzito nao tusiusahau. Lita 1,000 za maji ni tani moja. Tangi la kiasi hicho lisikae katikati ya sakafu ya boriti; likae karibu na kuta zinazobeba, juu ya mihimili iliyopimwa kwa kazi hiyo, au likae chini na pampu ifanye kazi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba la Bait al Ajaib la hapa Mji Mkongwe iliporomoka na watu wakafariki, Mungu awarehemu. Jengo lile lina historia yake na sababu zake. Mimi nachukua fundisho moja tu: jengo la mawe halina huruma kwa mtu anayedhani limekuwepo muda mrefu kwa hiyo litaendelea kuwepo.

HOJA YA TATU: Bafu lisilo na hewa litaharibu vyumba vilivyo jirani nalo.

Mji wetu una unyevu wa bahari mwaka mzima. Bafu lililofungiwa katikati ya nyumba, bila dirisha, halikauki kati ya muogaji mmoja na mwingine. Ukungu huanza kwenye dari, hupita kwenye kiwambaza, hufika kwenye kabati la nguo la chumba cha pili. Feni ya kutoa hewa husaidia, lakini umeme ukikatika feni inasimama, na unyevu hausimami.

Bomba nalo linahitaji hewa. Chini ya kila choo na kila beseni kuna kona inayobaki na maji, kiasi cha sentimita 5, na maji hayo ndiyo yanayozuia harufu ya karo isipande ndani. Mtu wa juu akivuta flashi, maji yanaposhuka kwa kasi hunyonya hewa nyuma yake. Kama hakuna bomba la hewa lililopanda mpaka juu ya paa, hunyonya na yale maji ya kwenye kona. Harufu inaingia, mwenye nyumba anamwaga dawa, na dawa haina la kufanya. Katikati ya nyumba ni vigumu kupandisha bomba hilo bila kutoboa sakafu za watu. Kwenye ukuta wa nyuma ni kazi nyepesi.

HOJA YA NNE: Bafu ni mahali pa sitara, ibada na uzee.

Hapa wahandisi wenzangu hupita haraka, nami naomba tukae kidogo.

Sitara kwanza. Mlango wa bafu usitazamane na mlango wa barabarani, wala na mahali panapoliwa. Mgeni asilazimike kupita chumbani kwa mama mwenye nyumba ili akatawadhe. Na binti anayetoka kuoga awe na hatua mbili tatu za kufika chumbani kwake bila kupita mbele ya wageni. Katika nyumba nyembamba, ambamo chumba hufuatana na chumba, jambo hilo halijitokezi lenyewe, lazima lipangwe.

Pili, kibla. Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja kutoka hapa Unguja. Kwa hiyo anayetaka kuheshimu kibla, choo chake kitazame mashariki au magharibi, ili anayekaa asielekee kaskazini wala asikipe kibla mgongo. Jambo hili huamua umbo la chumba. Choo cha kukaa huchukua kiasi cha sentimita 70 kutoka ukutani, na mbele yake panatakiwa angalau sentimita 60 za magoti. Kibla kikilazimisha choo kitazame upande mwembamba wa bafu, upande huo hauwezi kuwa chini ya mita 1.3. Nimeona bafu zima likivunjwa kwa sababu jambo hili lilikumbukwa baada ya vigae. Dira ni kifaa cha bei ndogo, na siku hizi ipo ndani ya simu. Itumike siku ya kwanza.

Tatu, uzee. Ngazi zetu ni kali. Kila nyumba yenye ghorofa na iwe na choo kimoja chini, hata kiwe kidogo, kwa ajili ya bibi na babu, kwa mgonjwa, kwa mama aliyejifungua. Pale chini ya ngazi, ambapo sisi sote hukimbilia, panafaa kwa kazi hiyo kwa masharti mawili: mtu aweze kusimama wima mbele ya choo, na bomba lipate njia fupi ya kufika kwenye karo. Sharti moja likikosekana, paachwe pawe stoo. Na mlango ufunguke nje, au uwe wa kuteleza. Mzee akianguka nyuma ya mlango unaofunguka ndani, huwezi kumfikia.

HOJA YA TANO: Karo na kisima havijali mipaka ya viwanja.

Daktari James Christie, aliyefanya kazi hapa Zanzibar, aliishuhudia kolera ya 1869 na 1870 iliyoutikisa mji huu, na mwaka 1876 akachapisha kitabu kuhusu kolera katika Afrika Mashariki. Tangu zama zake elimu imesonga sana, na leo hata mtoto wa shule anajua kuwa kolera, yaani kipindupindu, huingia mwilini kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Kanuni inayotumika mahali pengi ni mita 30 kati ya shimo la choo na kisima. Katika mitaa yetu mita 30 ni nyumba kadhaa. Maana yake, unapochagua mahali pa bafu umechagua pia maji ya jirani yako. Kabla hujachimba karo jipya uani, uliza nani anachota wapi. Kama mtaa una bomba la maji taka, jiunge nalo. Kama hauna, karo lijengwe lisilovuja na linyonywe kwa wakati, na kisima kilicho karibu kiachwe kwa kufulia na kuosha sakafu.

Sasa tupange nyumba yetu ya mfano. Ina upana wa mita 3 ndani na urefu wa mita 12, ghorofa moja juu. Mbele yake ni magharibi, barabarani. Nyuma ni mashariki, ambako kuna ua mdogo na karo. Familia ya juu inataka bafu. Kuna mahali patatu.

Mbele: karo liko nyuma. Ama bomba lishuke usoni mwa nyumba mbele ya macho ya mji mzima, jambo ambalo Mamlaka ya Mji Mkongwe ina haki ya kulikataa, kisha lichimbiwe chini ya nyumba mita 12 kwa mteremko wa sentimita 30. Ama lipite ndani kukatisha boriti zote. Tumepaacha.

Katikati: hesabu yake tumeshaifanya. Boriti 20, hewa hakuna. Tumepaacha.

Nyuma: bomba linatoka ukutani na kuteremka uani. Lakini tusijidanganye, nyuma pana gharama yake. Chumba cha nyuma kitapoteza dirisha, na nyumba nyembamba ikizibwa nyuma hukosa upepo unaopita. Kwa hiyo bafu lisichukue upana wote. Lipeni mita 1.8 kwa upana na mita 1.6 kwa kina. Kiwambaza kiwe chepesi, cha fremu za mbao na bodi, si cha tofali, kwa sababu kinakaa juu ya boriti. Sehemu iliyobaki, mita 1.1, iwe kijia chenye dirisha lake, kiendelee kupeleka upepo chumbani.

Ndani ya bafu, choo kikae kwenye kona ya ukuta wa shirika, mgongo wake kwenye ukuta wa nyuma, kikitazama magharibi; kibla kimehifadhiwa na bomba linatoka moja kwa moja. Kipeni upana wa sentimita 80. Mita moja inayobaki iwe ya kuogea, nayo iegemee ukuta wa nyuma, mbali na ncha za boriti. Beseni dogo likae kwenye kiwambaza kinachokabili choo. Mlango ufungukie kwenye kijia, si chumbani. Sakafu iteremke kuelekea tundu moja la maji. Dirisha liwe juu, kwenye ukuta wa nyuma. Na bafu la chini, likihitajika, lijengwe chini ya hili hili, yashirikiane bomba moja la kuteremkia.

Kabla ya vigae, ziba tundu, jaza maji sentimita 2 au 3 juu ya ule utando, uache saa 24, halafu shuka chini utazame dari. Fundi anayekataa mtihani huo hajamaliza kazi, na asilipwe kama aliyemaliza.

Mheshimiwa Mwenyekiti, namalizia kwa mapendekezo matatu ya kuanza nayo mwaka huu.

La kwanza: kila ombi la kibali cha bafu jipya liambatane na ukurasa mmoja wa mchoro unaoonyesha njia ya maji taka kutoka chooni hadi karo au bomba la mtaa, pamoja na mwelekeo wa boriti. Si lazima uwe wa msanifu. Fundi mwenye futi na penseli anauweza.

La pili: wenye nyumba wanaopakana nyuma kwa nyuma wakae pamoja, kwa msaada wa masheha wetu, waone kama wanaweza kushirikiana bomba moja na karo moja bora, badala ya mashimo manne mabaya. Kuta tumekuwa tukizishirikiana kwa vizazi vingi. Na hili tunaliweza.

La tatu ni la wanafunzi. Chukueni futi, dira na bisibisi. Ombeni ruhusa, ingieni nyumba moja baada ya nyingine, pimeni vyumba, chunguzeni ncha za boriti zilizo karibu na mabafu, na mwandike mlichokiona. Baada ya miaka michache mji huu utakuwa na daftari la nyumba zake, na fundi atakayeitwa kuweka bafu ataanza kazi akijua sakafu imebebwa na nini. Atakayekuwa tayari kuanza, tuonane hapa hapa baada ya maswali. Nyumba ya kwanza ya kupima nitawatafutia mimi.